Nilimwachisha mama yangu maziwa kwa ajili ya vidonge vya kijani

Wakuu, salaam kwenu nyote. Ndugu zangu wa Dodoma, mbukwenyi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Mara hii nauachia, liwalo na liwe. Ninayosimulia yalinitokea mwenyewe, sijahadithiwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wengine bado wapo, na mmoja wao tunapakana ukuta kwa ukuta.

Kilichonisukuma ni vijana wa humu. Kila wiki naona mtu anauliza, "Nimeamua kuacha nyama, maziwa na mayai, nitumie supplement gani?" Na wanaokimbilia kumjibu ni wale wale wanaouza hizo supplement. Huwa nasoma, naweka simu chini, nakaa kimya.

Leo sikai kimya. Hao wauzaji nawajua vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao, kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Turudi miaka ya tisini.

Nilikuwa mtunza ghala msaidizi kwenye idara moja ya serikali pale Dodoma mjini. Ghala lenyewe lilikuwa la viti vilivyovunjika na mafaili yaliyoliwa na mchwa, lakini nilikuwa na funguo kiunoni na watu waliniamkia. Ikaja retrenchment, ile ya kupunguza wafanyakazi. Wenye umri wangu mnakumbuka ilivyokuwa. Unaitwa, unapewa barua nzuri yenye mhuri inayokushukuru kwa utumishi wako uliotukuka, halafu unarudisha funguo.

Wakati huo soko huria ndiyo limechanganya. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni ya aina moja, ghafla dukani kuna sabuni aina kumi na mbili, kila moja na picha ya mwanamke anayecheka. Mitumba, redio za kaseti, dawa za kukuza nywele, dawa za kupunguza tumbo.

Na semina. Kila wiki kulikuwa na mtu kashuka kutoka Dar na mkoba wake, anafundisha kitu.

Watu wa aina yetu tulikuwa rahisi sana kudanganywa. Tulikosa vitu kwa muda mrefu mpaka tukawa tunaamini chochote kilichofungwa vizuri.

Basi nikaenda kwenye semina ya bwana mmoja ambaye nitamwita Dokta Suti. Alivaa suti ya kijivu, vipande vitatu, kwenye jua la Dodoma la mwezi wa kumi, na hakutoka jasho hata tone. Hilo peke yake lilitosha kuniaminisha kwamba huyu mtu ana afya.

Akabandika ukutani picha ya ng'ombe aliyepigwa msalaba mwekundu. Akatuambia nyama ikiingia tumboni inaozea humo humo. Akasema mayai ni uchafu wa kuku. Halafu akafika kwenye maziwa.

"Ng'ombe anamnyonyesha ndama ili aote pembe," akasema. Akamgeukia mama mmoja wa mstari wa mbele. "Wewe mama, unataka pembe?"

Ukumbi mzima tukacheka. Nami nikaona hoja imekwisha, hakuna cha kuuliza.

Ndipo akatoa kichupa. Vidonge vya kijani, vimetengenezwa kwa mwani unaoota kwenye ziwa fulani la mbali, vina vitamini zote kuanzia A mpaka Z. Leo najua vitamini hazifiki huko kwenye Z. Siku ile niliona huyu kasoma mpaka basi.

Kuna neno alisema ambalo sitalisahau. Alisema, "Madaktari watawatisha na kitu kinaitwa B12, eti kinapatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa tu. Imo humu ndani, tena nyingi kuliko kwenye ng'ombe mzima."

(Miaka mingi baadaye nilikuja kuambiwa kwamba Dokta Suti aliwahi kuwa bwana mifugo, naye akapunguzwa kazi kama mimi. Yaani wale ng'ombe aliowapiga msalaba walikuwa wateja wake wa zamani.)

Nikajiunga. Nikapewa cheti chenye utepe: Mshauri wa Lishe, Daraja la Fedha. Sikuwahi kuuliza kama lipo Daraja la Bati.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa kabla hamjanirukia.

Ukipunguzwa kazi Dodoma ya wakati ule, mji mdogo, watu wote wanajuana, ulikuwa unakufa nusu. Wale waliokuwa wanakuamkia wanavuka barabara. Mke wako anaongea na wewe kwa upole ambao hukuuomba. Mimi nilikuwa naamka asubuhi, navaa shati la kazini, natoka, nazunguka mji mpaka saa tisa, narudi. Nilikuwa naona aibu mpaka kwenye mifupa.

Halafu ghafla watu wakaanza kuniita Mwalimu. Mwalimu wa lishe. Lile jina liliniponya kitu ambacho hakuna kidonge kingekiponya, na kwa ajili ya lile jina ningeweza kufundisha chochote.

Nikaongeza na ubunifu wangu. Dokta Suti alifundisha habari za brokoli na vitu ambavyo Dodoma hakuna. Mimi nikaiita "Lishe ya Mababu". Nikawa nawaambia watu kwamba Mgogo aligundua lishe bora kabla ya Mzungu: ugali wa uwele, mlenda, karanga, kunde, majani ya maboga, basi. Ongezea vidonge vya kijani, unaishi miaka mia.

Watu walipenda sana. Nani asiyependa kusifiwa mlenda wake?

Kilichokosekana kwenye somo langu ni ng'ombe. Mababu zetu walikuwa na ng'ombe mpaka kwenye nyimbo, mpaka kwenye mahari, kibuyu cha maziwa mgando kilining'inia kila nyumba. Mimi niliwafuta ng'ombe wote kwenye historia ya Wagogo kwa kipindi kimoja cha saa moja na nusu, ubaoni, kwa chaki.

Tulikuwa tunakutana kila Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma cha saluni moja. Tulianza watu sita, tukafika thelathini na kitu. Watumishi wa serikali, wastaafu, wafanyabiashara. Waislamu, Wakristo, wote humo.

Nitawataja wawili tu. Mama Neema, mpiga chapa wa ofisi moja kubwa, mwanamke mnene mcheshi. Na Mzee Ramadhani, mtu wa Kondoa, aliyekuwa akileta asali na vitunguu mjini.

Kila kikao kilianza kwa ushuhuda. Hiyo ndiyo ilikuwa injini ya biashara yetu. Mama Neema anasimama: "Jamani mimi nina nguvu, napanda ngazi zote bila kupumzika." Makofi. Mzee Ramadhani anasimama: "Mwalimu, mimi nikilala nalala, nikiamka naamka." Makofi. Mimi naandika kwenye daftari langu la mafanikio.

Kitu kimoja kilikuwa kinanishangaza kidogo. Jumamosi ni siku ya mnada, na Mzee Ramadhani alikuwa anakuja kikaoni amevaa shati linalonuka moshi, kijiti kiko mdomoni anachokonoa meno. Nilimwuliza siku moja. Akasema ni karanga, Mwalimu, karanga zinaganda. Nikaongeza kwenye somo kwamba karanga zitafunwe polepole.

Acheni kucheka, bado.

Kwa sababu nimeahidi ukweli, na la kwangu niliseme. Mimi mwenyewe nilikuwa na kijana wa supu karibu na stendi ambaye tulielewana. Nilikuwa nakunywa mchuzi mtupu. Nyama nilikuwa namrudishia. Niliita hiyo "maji ya moto yenye chumvi". Na nyumbani mke wangu akitia dagaa kwenye mlenda, nilikuwa namkaripia, kisha nakula ili chakula kisiharibike. Mayai ndani ya keki sikuyahesabu kwa sababu hayaonekani.

Niliamini kabisa kwamba mimi ni mtu wa mimea. Huo ndio ukweli, nilijiamini bila tatizo lolote.

Sasa nakuja kwa mama.

Mama yangu alikuwa mjane, anaishi kijijini upande wa Hombolo, na ng'ombe wake wanne waliobaki baada ya baba kufariki. Nyama alikuwa anakula sikukuu na misibani. Mayai anawaachia vifaranga. Samaki alikuwa hapendi, alisema wana macho. Lakini maziwa alikunywa kila siku ya Mungu, bakuli la mgando asubuhi na lingine na ugali wa jioni. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake.

Nilimfuata kijijini na cheti changu. Nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba baba," akaleta kigoda, akaleta na bakuli la maziwa kama kawaida.

Nikalirudisha.

Kwa mama wa Kigogo, mwanao kurudisha maziwa ni jambo la kuita kikao. Hakuita kikao. Alikaa chini akanisikiliza. Nikamweleza somo lote, kuoza kwa nyama, maziwa yanavyoganda tumboni kama gundi, pembe. Kwenye pembe hakucheka. Aliuliza tu, "Na mimi nimekunywa miaka yote hii?"

Nikamwambia ndiyo maana magoti yanakuuma.

Akafikiri. Akasema, "Wewe umesoma." Kuanzia siku ile hakugusa maziwa, nyama wala yai. Maziwa yote alimpa jirani yake, Mama Yohana, ambaye alikuwa akienda mjini kila mnada kuuza kuku. Mimi kila mwezi nikawa nampelekea kichupa cha kijani, na mama alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja.

Nilijivuna sana. Kila Jumamosi nilikuwa namtaja. "Mama yangu mzazi, umri wake ule, yuko kwenye programu." Makofi.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. Wa pili pia, ila alipungua na akasema chakula hakina ladha, ulimi unauma ukigusa chumvi. Ulikuwa umekuwa mwekundu na laini. Nikamwambia hiyo ni sumu inatoka.

Wakuu, "sumu inatoka" ni sentensi ambayo nimeitumia kwa kila ugonjwa. Mtu akiharisha, sumu inatoka. Akifunga choo, sumu inajikusanya ili itoke. Huwezi kunishinda.

Mwaka wa tatu mama akaanza kusema miguu inawaka moto. Baadaye moto ukaisha, akasema sasa haisikii ardhi. Anakanyaga lakini hajui kama amekanyaga. Vibuyu vikawa vinamponyoka mikononi. Akawa anatembea ameachanisha miguu, macho chini, anaitazama kila hatua.

Nikamwongezea dozi. Kutoka vidonge viwili mpaka sita kwa siku.

Halafu akaanza kusahau. Aliweka chumvi kwenye mboga mara mbili, tatu. Alimwacha ndama ndani ya zizi siku nzima bila maji, mwanamke aliyekuwa anawajua ng'ombe wake kwa kwato. Siku moja nilipofika aliniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa.

Niliumia siku ile, sitaki kusema uongo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia uzio.

Kijijini wakasema amerogwa, na mtuhumiwa walikuwa naye tayari, Mama Yohana anayepewa maziwa yote. Mwenyewe akanivuta pembeni. "Wewe mtoto," akaniambia, "mama yako anakwisha. Mrudishie maziwa." Nikamjibu kwa upole wa mtu mwenye cheti kwamba haya mambo ni ya kitaalamu.

Nilimpeleka zahanati fulani kupima damu. Nilitaka ushahidi. Wakapima wingi wa damu tu, ikaonekana ipo, si haba. Mhudumu akasema, "Huyu bibi hana upungufu wa damu." Nililibeba lile jibu mpaka kikaoni Jumamosi. Nikalisoma mbele ya watu thelathini. Makofi marefu.

Wiki hiyo hiyo mama akaanguka akienda chooni, mchana kweupe. Hakukwaruzika sana. Lakini hakuweza kuinuka, na alipoinuliwa hakuweza kusimama bila kushikwa.

Hapo ndipo nikaogopa. Mama yangu alikuwa mtu wa kutembea. Alitembea kwenda shambani, kanisani, kisimani, misibani vijiji vitatu mbele. Bila miguu yake sikujua hata angekuwa nani.

Tukampandisha kwenye gari la mkaa mpaka mjini, hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, kwa lafudhi mtu wa Kaskazini. Alimwamkia mama vizuri, akamshika mguu. Akachukua chuma fulani chenye ncha mbili, akakigonga kikawa kinatetemeka, akakiweka kwenye kifundo cha mguu. "Mama, unasikia kinatetemeka?"

"Sisikii kitu."

Akakipandisha kwenye goti. Hasikii. Akakiweka kwenye mkono, hapo akasikia kidogo.

Kisha akamsimamisha, yeye yuko nyuma yake ameweka mikono tayari. "Mama, fumba macho." Mama akafumba. Hakuchukua hata muda wa kuvuta pumzi moja, akaanza kwenda chini. Yule daktari akamdaka.

Akamkalisha taratibu. Akauliza, "Mama, nyumbani unakula nini?"

Nikaanza kujibu, maana hilo lilikuwa somo langu. Akasema, "Samahani kaka, namwuliza mama."

"Ugali," mama akasema. "Na mlenda. Na kunde."

"Maziwa je?"

Mama akanitazama mimi kwanza. "Mwanangu alinikataza."

Daktari akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua tu. "Ulimkataza kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya pembe. Nikafika katikati, nikajisikia jinsi ninavyosikika, nikanyamaza.

Nikatoa kichupa mfukoni. Nikamwambia, lakini B12 anapata, imo humu, imeandikwa. Akakisoma, akakirudisha mezani. Akanieleza kwamba kilichomo kwenye ule mwani kinafanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Akasema ni ufunguo wa mlango wa jirani: unaingia kwenye kitasa chako vizuri kabisa, lakini haufungui.

Mimi ni mtunza ghala. Nilimwelewa mara moja.

Akaendelea. Mama kwa umri wake tumbo halinyonyi B12 vizuri kama zamani, na akiba yake haikuwa kubwa, maana alikuwa anategemea maziwa peke yake. Nimemkatia bomba la pekee alilokuwa nalo. Na ile damu iliyoonekana ipo, ilisitiriwa na mboga za majani. Zina vitamini nyingine inayoilinda damu, kwa hiyo kipimo kinasema mzima, huku mishipa ya fahamu inakufa kimya kimya.

"Atatembea?" nikamwuliza.

"Kichwa kitarudi, nadhani. Miguu sijui. Mmechelewa."

Mmechelewa. Alisema kwa wingi, kwa heshima yake tu. Aliyechelewa alikuwa mmoja.

Wakaanza sindano. Dawa yenyewe ni nyekundu kama juisi ya rozela. Mama alipoiona kwenye bomba akauliza kama ni damu ya ng'ombe. Yule daktari akamwambia, "Ni kile ulichokuwa unakipata kwenye maziwa, mama." Mama akatingisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za ndugu yake wa siku nyingi.

Mwanzoni ilikuwa sindano siku moja ndiyo, siku moja hapana, baadaye kila wiki, baadaye kila mwezi. Mimi ndiye niliyempeleka, zote.

Ulimi ulipona kwanza. Wiki chache baadaye akaniita kwa jina langu, kisha akanigombeza kuhusu ndama, nikajua amerudi. Miguu ikarudi nusu. Kuanzia hapo alitembea na fimbo mpaka siku anafariki, miaka mingi baadaye, kwa mambo mengine. Kisimani hakwenda tena, na misiba ya vijiji vya mbali alikuwa anatuma salamu.

Sasa niwapeleke Jumamosi ya mwisho.

Niliingia kile chumba cha nyuma ya saluni nimejiandaa kuwaokoa watu thelathini. Sikulala vizuri wiki nzima nikiwaza miguu yao. Nikasimama mbele, nikawaeleza yote, kuhusu mama, kuhusu sindano, kuhusu ule ufunguo. Nikawaambia, "Nawaomba radhi. Acheni hii programu leo hii. Rudini kwenye maziwa, rudini kwenye nyama, na wote mkapimwe."

Mama Neema akainua mkono. "Mwalimu, pole sana na mama." Akasita. "Ila hiyo kurudi kwenye nyama... sisi wengine hatukuwa tumeondoka."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

Mzee Ramadhani akasimama, taratibu, na kofia yake. "Mwalimu, mimi ni mtu wa Kondoa. Niache nyama nihamie wapi?"

"Lakini mzee, ulitoa ushuhuda. Kila wiki."

"Uliniuliza kama nina nguvu, nikasema ninazo. Hukuniuliza nimezitoa wapi."

Basi wakafunguka mmoja mmoja, kwa raha kabisa, kama watu waliovua viatu vinavyobana. Huyu hakuacha maziwa hata siku moja. Yule alikuwa anakula nyama mnadani, anakuja kikaoni moja kwa moja. Mama Neema vidonge vyake vyote alikuwa anawapondea kuku kwenye pumba. Akasema viini vya mayai vilikuwa vizuri sana, vya njano iliyoiva, na watoto wake wameyafurahia. Yaani nguvu za kupanda ngazi zilitoka kwangu kweli, ila zilipitia kwa kuku.

Nikawauliza kwa nini hawakuniambia. Nilikuwa nakaribia kulia.

Mama Neema akasema, "Ungejisikiaje, Mwalimu? Ulikuwa umetoka kupunguzwa kazi. Ulikuwa unafundisha kwa moyo wote. Tukasema tukuitikie tu, haigharimu kitu."

Hao ndio watu wa kwetu. Hawawezi kumwaibisha mtu mzima usoni. Wananunua kichupa, wanapiga makofi, wanakwenda zao kula.

Daftari langu la mafanikio lote, miaka mitatu ya ushuhuda, lilikuwa daftari la nyama choma.

Kwa wale mnaotaka kuishi kwa mimea, sijaja kuwakataza. Kuna wanaoweza na wana afya zao. Lakini B12 si ya kubahatisha. Usimsikilize muuzaji, wala mwani, wala mimi. Nenda hospitali, mwambie daktari unakula nini na umeacha nini, akuandikie ile ambayo mwili unaitumia, na umeze kweli. Ukisikia ganzi ya miguu usiseme sumu inatoka. Mzazi wako mzee usimbadilishie chakula kwa maneno ya ukumbini. Na ukiwa mwalimu wa jambo lolote, ukiona mfuasi wako ananawiri, kabla hujaandika ushuhuda wake mnuse shati.

Nimebakiza kitu kimoja. Hiki ndicho kilichonifanya niufute huu uzi mara zote zile.

Baada ya kile kikao, mama alipokuwa amesharudi nyumbani na kichwa kimetulia, nilikwenda kijijini. Nilimkuta mama amekaa barazani, fimbo mapajani, anakunywa maziwa yake. Nikamsimulia yote, kuhusu Mzee Ramadhani na karanga zake, kuhusu kuku wa Mama Neema. Nilidhani atacheka. Nikamwambia, "Mama, watu wote thelathini walikuwa wananidanganya. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa mchuzi. Wewe peke yako ndiye uliyefuata. Ungeiba hata bakuli moja la maziwa, nani angejua?"

"Nilijua kwamba hawafuati," akasema.

Nikadhani kichwa kimepotea tena. Hakikuwa kimepotea. Mama Yohana, alipokuwa akienda mnadani na kuku wake, aliwaona watu wangu wakila nyama na kunicheka kwa jina langu, Mwalimu hivi, Mwalimu vile. Akaja kumwambia mama. Alimwambia mwaka ule ule wa kwanza.

"Niliona vibaya," mama akasema. "Mtu mzima, amesimama mbele za watu anafundisha, na hakuna hata mmoja anayemsikiliza. Nikasema basi, mimi nitamsikiliza."

Akamaliza maziwa yake, akaniomba nimshike mkono ainuke.

Haya wakuu, mmesikia. Mwenye swali aulize nitajibu, mwenye tusi aliweke pia, nalistahili. Na kama kuna mtu humu ameshawahi kumwitikia mwenzake "ndiyo" kwa miaka mitatu ili asimvunje moyo, naye ajitokeze, tuongee.